Kama Lilivyotoka Kiwandani

Mume wa mwanamke huyu walimwita Kesho, na jina hilo hakulipata bure. Ukimuuliza gari lake litawaka lini, alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akakutazama kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi, akajibu, "Kesho." Miaka ikaenda, binti yao akakua, akaolewa, akahama, na kesho ile haikufika. Kesho mwenyewe alianguka kazini, akiwa ameinama kusoma mita ya maji kwenye ua wa watu, na walipomwinua alikuwa ameshakwenda. Gari likabaki bandani juu ya mawe, na mke akabaki nalo.

Tuseme ukweli, mke hakuwahi kulipenda. Mtaa mzima ulijua. Alikuwa akiliita mke mwenza, na pale ofisi ya vifurushi alipofanya kazi, wenzake walikuwa wakimuuliza asubuhi, "Mke mwenza hajambo?" Naye hujibu huku akipima mizigo ya watu kwenye mzani, "Hajambo, mimi nina zamu ya kupika, yeye ana zamu ya kupendwa." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na chumvi ndani.

Lilikuwa gari dogo la milango miwili, kuukuu kuliko ndoa yao. Na Kesho hakuwa fundi wa kusomea, alikuwa fundi wa kuungaunga. Akikosa spea, aliweka chochote kilichokuwa karibu na mkono wake, akaapa kwamba ni ya muda tu. Honi ilipigwa kwa kitufe cha kengele ya mlango. Kioo cha pembeni kilikuwa kioo cha kunyolea ndevu. Mkono wa mlango wa dereva ulikuwa mkono wa droo ya jikoni, aliouchomoa siku mkewe yuko kazini, na tangu hapo droo ile ikawa inafunguliwa kwa kuchokolewa na uma. Ugomvi wa ule mkono wa droo haukuisha mpaka mmoja wao alipokufa. "Ni ya muda tu, mama," Kesho alikuwa akisema, na mkewe humjibu kwamba hata yeye alimchukua kwa muda tu, akisubiri mume wa kweli aletwe.

Sasa msikilize mwanamke huyo baada ya mazishi. Wageni walikwisha kuondoka, binti amerudi kwa mumewe, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jioni moja akaenda bandani kuchukua beseni. Akataka kupumzika kidogo, na mle bandani hapakuwa na pa kukaa isipokuwa garini. Akafungua mlango wa dereva namna alivyomwona mumewe akifanya, unainua, unasukuma kwa bega, ndipo unavuta. Akakaa.

Kiti kile springi zake za kushoto zilikuwa zimekufa, kwa sababu Kesho alikuwa na tabia ya kukaa ameegemea upande, kama anayesikiliza umbea wa jirani. Mkewe alipokaa, akazama. Alitumbukia kwenye shimo la mwili wa mumewe. Bega likaangukia pale bega lake lilipokuwa likiangukia, kiwiko kikapata pale kwenye mlango palipolika kwa kiwiko. Na harufu ikamfuata kutoka kwenye sponji: grisi, pipi za mnanaa, jasho la mtu anayemjua. Alikuwepo. Wala si mambo ya mizimu, mwanamke huyu hana mambo hayo. Alikuwepo kama mtu anavyokuwepo kwenye shati alilolivua sasa hivi.

Tangu siku hiyo, kila akirudi kazini alipitia bandani kabla hajavua viatu. Alikaa mle akamweleza habari za ofisini, nani amegombana na nani, mzigo wa nani umevuja. Giza likianza kuingia alitoka, akarudishia mlango kwa bega, akaenda kupika chakula cha mtu mmoja. Watu walimsifu kwamba ni mwanamke imara, amefiwa lakini anasimama. Hakumwambia mtu yeyote, hata binti yake. Angeanzia wapi? Mtu umemtukana mke mwenza ujana wako wote, leo useme unakwenda kulala kifuani pake?

Kesho alikuwa na marafiki watatu, wote wagonjwa wa ugonjwa ule ule. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu, alikuwa na gari la aina moja na la Kesho, ila lake lilikuwa likitembea. Mpiga Rangi alikuwa na lori dogo alilolipulizia rangi mara nyingi kuliko alivyolijaza mafuta. Fundi Waya alikuwa na gari la kifahari la zamani ambalo taa zake zote ziliwaka na magurudumu yake hayakuzunguka. Jumapili kwa Jumapili watu wanne hawa walikutana, wakainama kwenye boneti moja, makalio nje, na kutoka dirishani ungedhani wanakula sahani moja.

Jumapili moja wale watatu wakaja kwa mjane. Walikuwa wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Wakakaa sebuleni wakitazama mikono yao, ambayo haikuwahi kutakata. Mwishowe Mwalimu akakohoa.

"Shemeji, tumekaa, tumezungumza. Lile gari mwenzetu aliliacha njiani. Tunaomba utupe ruhusa tumkamilishie. Hutatoa kitu. Sisi wenyewe tu."

Alitaka kusema hapana. Alitaka kusema liacheni palepale, msiliguse, msifungue hata mlango. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini wote watatu walikuwa wakimtazama kwa woga, wanaume wazima, kama wanaosubiri kufukuzwa na mke aliyelichukia gari lao tangu hapo. Na ulimi hauna mfupa. Kilichotoka mdomoni kilikuwa ule mzaha wake wa zamani.

"Lichukueni. Mke mwenza amefiwa na yeye, akakae kwenu mkamlishe."

Wakacheka kwa faraja kubwa. Mpiga Rangi alicheka mpaka akajifuta macho. Siku hiyohiyo wakalitia magurudumu ya kuazima, wakalifunga kamba, wakalivuta mpaka kwa Mwalimu. Mjane akasimama getini akaliona likikata kona, na kioo cha kunyolea ndevu kikimulika jua.

Banda likabaki na doa la mafuta chini. Jioni ya kwanza aliingia mle, akasimama juu ya doa, akatoka. Jioni ya pili hakuingia. Ndani ya nyumba alitafuta mashati ya marehemu, lakini binti kwa wema wake alikuwa ameshayafua yote kabla ya kuondoka, akayapiga pasi, yananuka sabuni.

Siku moja alikata shauri. Aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa Mwalimu kwa miguu, maneno ameshayapanga. Atasema: tengenezeni injini, tengenezeni breki, rangi pakeni mnayotaka, ila kiti cha dereva kibaki. Basi. Hawezi mtu kumcheka mjane kwa kiti. Akafika nje ya ukuta. Geti lilikuwa limefungwa, na ndani mashine ya kusugua bati ilikuwa ikilia. Ikanyamaza. Akamsikia Fundi Waya akisema neno, na wenzake wakaangua kicheko, kicheko kile cha Jumapili ambacho hakukisikia tangu msiba. Mkono wake ulikuwa umeshainuka kugonga. Akaona wanaume hawa wamepata pa kuwekea huzuni yao, naye anakwenda kuwanyang'anya. Akashusha mkono, akarudi. Njiani alijidanganya kwamba kiti ni kiti, watakiacha tu, nani ana shida na kiti.

Walipomaliza, waliita watu. Binti akasafiri akaja. Uani kwa Mwalimu gari lilikuwa limefunikwa shuka, na Mpiga Rangi alikuwa amenyoa. Wakavuta shuka.

Waliokuwepo wakashusha pumzi kwa pamoja, na walikuwa na haki. Rangi ilikuwa ya krimu, laini, ungeweza kuipakua kwa kijiko. Kila kitu kilichopaswa kung'aa kiling'aa. Mwalimu akaanza kumweleza shemeji yake kwa kituo, kama yuko mbele ya ubao. Mkono wa mlango ni wa asili, ulitafutwa mpaka ukapatikana kwa mzee mmoja aliyekuwa ameuhifadhi kabatini. Kioo cha asili. Honi ya asili, ipige usikie. Na viti, hapo Fundi Waya akadakia kwa sababu Mwalimu aliona haya kusema, viti vilitoka kwenye gari la Mwalimu mwenyewe. Lake sasa liko nyuma ya nyumba chini ya turubai, halina pa kukalia.

"Hakuna hata kiraka kimoja kilichobaki, shemeji," akasema Mpiga Rangi. "Lipo kama lilivyotoka kiwandani."

Na kiwandani Kesho hakuwahi kufika. Hilo ndilo lililomjia mjane pale, wazi kabisa, huku watu wakipiga makofi. Wamelirudisha nyuma mpaka siku ambayo hakuna aliyemjua Kesho.

Wakamfungulia mlango, ulifunguka kwa kidole kimoja. Wakamkalisha kwenye kiti cha dereva ili apigwe picha. Kiti kikamkataa. Kilikuwa kimejaa, kigumu, kilimwinua juu kama mgeni anayekalishwa sebuleni, na miguu yake haikujua iende wapi. Alivuta pumzi, akakutana na rangi mpya na ngozi iliyong'arishwa. Akavuta tena, taratibu, puani mpaka ndani kabisa. Hata vumbi lake hawakuacha.

"Vile viti vya zamani?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Vilikwenda na lori la chuma chakavu," akasema Fundi Waya. "Panya walishaanza kuzaa humo."

"Halafu, shemeji, hatujakusahau," akasema Mpiga Rangi. Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi, akamwekea kiganjani. Ulikuwa mkono wa droo ya jikoni, umesuguliwa mpaka unajionea uso. Wote wakacheka, maana nani hakuijua kesi ya droo. Mjane akaufumba ndani ya mkono akasema ahsanteni, ahsanteni sana, Mungu awalipe. Angesema nini? Shukrani ya punda ni mateke, na yeye hakutaka kuwa punda mbele ya watu waliovua viti vyao wakampa.

Binti akamkumbatia akilia. "Baba angefurahi, mama."

Ni kweli, angefurahi. Angelizunguka gari lile mpaka kizunguzungu kimwangushe. Angevikanyaga viraka vyake vyote kwa furaha kwenda kukalia kiti kigumu, na asingekumbuka hata mara moja kwamba kulikuwa na kiti kingine. Hilo lilimuuma mjane kuliko yote. Alimkasirikia maiti wa watu, na hakuwa na pa kukaa akamwambie.

Basi zikaanza Jumapili mpya. Kwa kuwa yeye hakujua kuendesha, Mwalimu ndiye aliyekuja kumchukua kumtembeza. Gari lililala bandani kwake lakini yeye mwenyewe hakuligusa. Mwalimu akifika alilitoa, akampigia honi ya asili, naye akatoka amevaa nguo ya kutokea. Walizunguka mji. Watu walisimama kando ya barabara wakanyoosha vidole, wenye magari ya maana waliwapisha. Injini ilikuwa haisikiki. Mjane alikaa upande wa abiria, mkoba mapajani, akisema "naam" na "kumbe," na akirudi nyumbani alijisikia mchovu kama aliyeshinda kwenye sherehe ya watu asiowajua.

Alijipa dawa moja, nayo ilikuwa hii: hawakujua. Ni watu wa spana, macho yao yanaona kutu na nyufa, kiti kilichobonyea kwao ni kiti kibovu tu. Mtu hamkasirikii kipofu kwa kukukanyaga. Kwa dawa hiyo aliweza kupanda, kushuka na kushukuru.

Jumapili aliyoishiwa dawa haikuwa na lolote la pekee. Mawingu, barabara tupu, maduka yamefungwa. Mwalimu alikuwa anaeleza habari za gia, na mjane akamkatiza.

"Mwalimu, nilikuwa nakaa kwenye kile kiti."

"Kiti kipi?"

"Cha marehemu. Kila jioni, nikitoka kazini. Tangu tumzike mpaka mlipokuja kulichukua. Alikuwa amebaki humo."

Mwalimu akapunguza mwendo, akaliweka gari pembeni mbele ya duka la saruji lililofungwa. Hakuzima injini. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

"Mbona hukusema, shemeji?"

"Ningesemaje? Mimi huyu wa mke mwenza? Sikulaumu. Nimejiambia siku zote, hawakujua, wangejuaje. Nimeona tu niseme, maana nashindwa kulala. Ahsante zimenikaba koo."

Mtu mwingine angeishia hapo. Angeomba radhi, angelia kidogo, na mambo yangepoa. Lakini Mwalimu alikuwa amesahihisha hesabu za watoto wa watu maisha yake yote, na hakuweza kuliacha jibu la uongo likae na alama ya vema.

"Nilijua," alisema.

Mjane akageuka kumtazama.

"Siku tulipolivuta mpaka kwangu, wenzangu wakaondoka, nikabaki nalo. Nikakaa mle. Nikazama upande ule wa kwake. Shemeji, nilimsikia kabisa, mpaka pipi zake. Nikaona nikikaa humu tena kesho, sitatoka. Nikachukua spana nikakifungua jioni ileile." Alifuta usukani kwa kiganja. "Hawa wenzangu walitaka kukiacha. Mpiga Rangi alisema tukishone tu pale kitambaa kilipochanika. Mimi ndiye niliyesema viti vyangu viingie. Na lile lori mimi ndiye niliyelisimamisha. Watu wananisifu kwa kutoa viti. Sikutoa viti. Niliondoa kile."

Nje alipita mtu na baiskeli, akaligeukia gari, akatikisa kichwa kwa kulitamani.

"Ulimsikia, ukamtupa," akasema mjane.

"Sikuweza, shemeji. Nisikufiche. Sikuweza."

"Wewe una mkeo nyumbani, Mwalimu. Una watoto wanakuja. Hukuweza siku moja. Mimi nilikuwa naweza kila siku."

Hakupaza sauti. Alifungua mlango kwa kidole kimoja, akashuka, akashika njia ya nyumbani kwa miguu, na viatu vyake vya kutokea, na mkoba wake. Mwalimu akaita mara moja, kisha akatia gia. Ikawa kioja cha mtaa: mwanamke anatembea kando ya barabara bila kugeuka, na nyuma yake, mwendo wa kobe, gari la krimu linalong'aa linamfuata, mzee ndani amekunja uso kama mtoto aliyechapwa. Waliokuwa vibarazani walidhani ni mambo ya mapenzi ya uzeeni, na mmoja akapiga mluzi.

Walikwenda hivyo mpaka getini. Hapo ndipo alipogeuka.

"Usiliingize bandani kwangu. Nenda nalo. Viti ni vyako, na lenyewe liwe lako, urudi kuendesha. Mimi silitaki."

Mwalimu alikuwa ameteremsha kioo. Alionekana mdogo mle ndani, na kiti kile kigumu kimemshika wima.

"Na mimi nitalikalia vipi, shemeji?"

Mjane akampa mgongo. Aliingia ndani, akafunga geti. Alisimama nyuma yake akasikiliza. Injini ikazimwa. Mlango ukafunguka, ukafungwa taratibu. Ufunguo ukasukumwa chini ya geti ukasimama kwenye vumbi karibu na kiatu chake. Kisha hatua za mtu anayeburuta miguu, zikaenda, zikaisha. Alitaka kumchukia barabara, kwa raha yake, lakini kila alipojaribu alimwona ameketi peke yake uani, amezama upande wa kushoto, anaogopa. Alikuwa mtu pekee duniani ambaye angeweza kuzungumza naye juu ya kile kiti, na amemfungia geti.

Asubuhi alipotoka kwenda kazini gari lilikuwa palepale, limeziba nusu ya njia. Umande ulikuwa umelipamba. Majirani wawili watatu walikuwa wamelizunguka, mmoja ameinama anatazama ndani akiziba mwanga kwa viganja, mwingine anapiga picha. Walipomwona wakampisha kwa heshima.

"Hongera, mama," akasema yule wa picha. "Gari kama hili siku hizi huwezi kuliona. Inaonekana marehemu alilitunza hasa."

"Ahsante," akasema mjane. Akalizunguka kwa upande wa ukuta ili nguo isiliguse, akaenda kazini.